Miezi Mitatu Bila Kuguswa

Jumanne, tarehe kumi na tisa Machi, saa nne asubuhi. Hapo ndipo walipomharibia shemeji yangu, wasikilizaji wapendwa. Narudia: Jumanne, saa nne, mchana kweupe.

Tulimwita Mabati, maana alikuwa fundi wa kuezeka. Kaka yake mke wangu. Mke wangu ametangulia, mwaka wa pili sasa, na neno lake la mwisho lilikuwa, "Baba watoto, niangalizie kaka."

Mabati aliteleza juu ya paa akaangukia boriti, mguu huku mguu kule. Mrija wa mkojo ukakatika. Ukapona kwa kovu, kovu likaziba njia. Miaka minne alikojoa kwa mpira uliopitishwa tumboni, mfuko ukining'inia kiunoni. Wenzake wakimtania, anawajibu: "Nyie hamjui cheo. Huu mkoba wa waziri!"

Hospitali ilijua jambo moja tu: kumpanua njia hiyo kwa vyuma. Kila wakipanua, kovu linanenepa. Akaja daktari bingwa mgeni, mama mpole. Akasema ataondoa kovu, achukue ngozi laini ya ndani ya shavu, amtengenezee njia mpya. Akaandika kwenye faili kwa wino mwekundu: njia isiguswe miezi mitatu kabla ya upasuaji, ipumzike. Miezi mitatu. Hata mimi niliyeishia darasa la nne nilisoma nikaelewa.

Sasa huyo mkuu wa idara. Koti limepigwa pasi, kichwa kitupu. Siku mbili kabla ya upasuaji akaamuru Mabati apanuliwe, eti bingwa aikute njia safi! Kama anadeki sebule, mgeni yuko mlangoni.

Shemeji akamwambia, "Mkubwa, imeandikwa nisiguswe."

"Wewe fundi bati utanifundisha kazi?"

Alhamisi bingwa akakuta damu mbichi. "Hapa sishoni," akasema, akavua glavu. Upasuaji ukaahirishwa. Homa ikapanda, uchafu ukaingia kwenye damu. Siku ya tisa Mabati akatutoka, mkoba wake kiunoni. Mkubwa yuko palepale, na pasi ya koti lake haijavunjika.

Pole, shemeji yangu mjane. Poleni, watoto. Shangazi yenu angekuwepo, angelia nanyi. Mimi nimebaki na hasira tu. Nanyi mnaonisikiliza mkiwa na mgonjwa wodini, hebu fikirini: nani anasoma kilichoandikwa juu yake?

Faili lile lilikuwa mezani, limefunguliwa. Wino mwekundu, herufi kubwa. Mkubwa, ulilisoma, au hukulisoma?