Gari Lililonuka Ziwa

Ndugu zangu, mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa kusimama mbele. Mahali pangu ni chini ya gari, miguu nje, kichwa ndani. Lakini mchungaji ameniambia kwamba jambo Mungu alilonitendea, nisipolisema, litaoza ndani yangu, na mimi nimeona vitu vya kutosha vilivyoozea ndani. Basi nitasema. Majina sitataja. Atakayejitambua anyamaze tu.

Wazazi wetu walikufa mwaka mmoja, mama kwanza, baba baadaye. Mimi nilikuwa darasa la sita. Tulibaki watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na kitinda mimba wetu wa kike ambaye alikuwa bado ananyonya kidole. Baba alituachia mtumbwi mmoja wa kuvulia ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani. Baada ya matanga nilifunga madaftari yangu ndani ya kitenge cha mama, nikayaweka juu darini, nikaenda kutafuta nguo za kufua. Nilijiambia: wawili watasoma, mmoja atafua.

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa mfanyabiashara mmoja mwenye maboti, hapa hapa Baraka. Nilikuwa nimemfulia kwa miaka kadhaa, ndipo siku moja boti lake kubwa likaleta kutoka ng'ambo kitu ambacho wengi wenu mnakikumbuka, kwa maana mlikimbia ufukweni kama mimi. Gari jekundu la mbio, la viti viwili, fupi kiasi kwamba mbuzi angelitazama kutoka juu. Wanaume walilishusha polepole juu ya mbao, hakuna aliyesema neno, hata wale wapakuzi wetu wanaotukana kwa kila gunia. Mzee mmoja alivua kofia. Mimi nilikuwa na beseni la nguo kichwani, nikasahau kulitua.

Barabara zetu mnazijua. Gari lile lilikwaruza tumbo toka bandarini mpaka uani kwa yule mfanyabiashara, patroni wangu, akalijengea kibanda cha mabati, likakaa. Jumapili alikuwa anaingia, anawasha, anasikiliza, anazima. Basi. Nami nikaambiwa, "We dada wa nguo, sasa utaosha na gari."

Nikaanza kama nilivyojua kuosha. Nilichota mchanga wa ziwa, ule tunaosugulia sufuria. Shofa, dereva wa patroni, aliniona nimeinama na mchanga mkononi, akapiga kelele kama aliyekanyaga nyoka, akiniita Yaya, dada mkubwa, kama wanavyoniita nyumbani.

"Yaya! Unataka kuniua? Ile haiko sufuria!"

"Iko na vumbi."

"Na wewe bibi-harusi akiwa na vumbi, unamusugula sura na mchanga?"

Mchekeni, hata mimi najicheka. Lakini ngojeni. Siku nyingine nilifungua kifuniko cha mbele ili nipanguse injini. Nikakuta shimo tupu, safi, kama sanduku la nguo. Hakuna injini! Niliona watasema ni mimi, kwa maana ni mimi niliyekuwa na ufunguo wa kibanda. Nilikimbia kwa patroni nikilia: "Patroni, bameiba moteri!"

Alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akaniongoza nyuma ya gari, akainua kifuniko kingine, kule nyuma ya viti. Ndugu zangu, nawaambia, injini ilikuwa pale imelala, na mabomba yake yamepangwa kama mbavu za kitu kilicho hai. Mimi niliyeacha shule darasa la sita niliinama nitazame vizuri. Niliwaza: kuna watu mahali fulani waliokaa wakafikiri juu ya kila msumari wake. Na Yule aliyewapa akili ya kufikiri, Yeye mwenyewe akoje?

Patroni akaniambia, "Gari ile iko na kitabu. Ukijua chenye inataka, kazi ya kuichunga ni yako." Kitabu kilikuwa kinene, cha Kifaransa, na Kifaransa changu kinatosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikakipeleka nyumbani. Kila alasiri, wadogo zangu wakitoka shule, walinisomea kwa zamu huku nikichambua muhogo. Mimi waliyenikosesha usingizi kwa ada ya shule ndiye sasa waliyekuwa wakinifundisha. Nilikariri yote kwa masikio.

Nilijifunza kwamba gari linalopumzika linaharibika kama linalofanya kazi, wakati mwingine zaidi. Matairi yakikaa mahali pamoja yanapinda upande mmoja, kwa hiyo kila juma nililisukuma hatua moja mbele. Mafuta ya injini yanazeeka hata kama gari haliendi. Mafuta ya breki yanakunywa maji ya hewani kama chumvi inavyokunywa. Usikanyage mafuta kwa nguvu kabla injini haijapata joto. Na panya, ndugu zangu, hawaulizi bei ya waya kabla ya kuutafuna. Gari lile halikuwa na pa kwenda, lakini kila Jumapili patroni aliposhika ufunguo liliitika mara ya kwanza. Watu wakaanza kuniletea pikipiki zao, kisha malori. Wakaniita fundi.

Hapo ndipo nilipoanza kuanguka, na nilianguka nikiwa nimesimama wima. Niliona kwamba aliyejua gari lile amejua magari yote. Nikapata wazo: tununue gari jeusi la heshima, la viti vya ngozi, lililokwisha tumika lakini zima, tubebee maharusi. Fedha ingetoka wapi? Kwenye mtumbwi wa baba.

Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa amekwisha maliza shule, ndiye aliyekuwa akiuvulia. Alisema kwa upole, "Yaya, ule mutumbwi ndiyo mikono ya baba. Tungoje kidogo."

Mimi nikajibu, "Nani mukubwa hapa?"

Mtumbwi ukauzwa.

Nilikwenda Uvira peke yangu. Gari nililionyeshwa likiwa linang'aa, na pambo la ubao wa kweli mlangoni. Nililikagua kama kitabu kilivyonifundisha: nilisikiliza injini, nikatazama mafuta, nikapapasa matairi, nikalijaribu barabarani. Lilikwenda kama maji ndani ya mtungi. Mwishowe niliketi ndani, nikafunga milango, nikavuta pumzi. Nikajisikia niko nyumbani. Sikujiuliza kwa nini. Nililichukua kuwa ishara, nikamshukuru Mungu, nikatoa fedha.

Tulibeba maharusi watatu. Wa nne tulikuwa tunampandisha Fizi. Kwenye kona ya mlima, taa zote za mbele ya dereva ziliwaka pamoja, zikazima, na gari likafa. Nililala chini yake na nguo yangu ya sherehe. Halikuamka. Bibi-harusi alipanda kilima kwa miguu, viatu mkononi, gauni ndani ya udongo mwekundu, na shangazi yake alinigeukia mbele ya watu wote: "Fundi wa magari ya bazungu! Itengeneze sasa na Kifaransa yako!"

Lori lilituvuta mpaka Baraka. Nilibadilisha batri, halikupona. Leo taa zinakataa, kesho kifuta kioo kinafanya kazi chenyewe wakati wa jua. Watu walisema limerogwa. Mdogo wangu alingoja mpaka mwisho wa mwezi, akafunga nguo zake, akaenda kuchimba dhahabu Misisi, kwenye yale mashimo yanayomeza watu. Mlangoni aliniambia neno moja tu: "Mutumbwi ulikuwa unavuja, Yaya, lakini ulikuwa unarudi nyumbani."

Ndugu zangu, niliwahi kufiwa. Lakini wakati ule si mimi niliyemtuma mtu kwenye kifo. Sasa kila aliyetoka Misisi nilimwogopa, nisijue ananiletea habari gani.

Siku moja mvua ilinyesha ghafla. Kulikuwa na mama mmoja aliyeshuka kutoka Bibokoboko, kule milimani kwa wafugaji, na watoto wake, wakati kule juu hakulaliki kwa vita. Alikuwa anapita akiuza maziwa. Nilimwita ajifiche mvua ndani ya gari, maana lilikuwa linafaa kwa hilo tu. Aliingia, nikafunga mlango. Hajamaliza hata kutua chupa zake, akaufungua tena, akatoa kichwa nje kwenye mvua.

"Mama fundi, hii gari mulitosha ndani ya ziwa?"

"Hapana. Haikutoka majini, nilinunua Uvira."

"Iko inanuka ziwa."

"Mama, hapa Baraka kila kitu kinanuka ziwa."

"Ninyi hamusikie," alisema. "Miye nilipofika, juma mbili nilishindwa kula sababu ya harufu. Nguo zenu zinanuka samaki. Pesa yenu inanuka samaki. Lakini hii haiko samaki. Hii ni matope ya chini."

Niliudhika. "Na ninyi munanuka ng'ombe!"

Akacheka. "Kweli? Miye siisikie."

Basi nilibaki pale, maji yakinitiririka shingoni. Kisha nikaingia. Nikashika mkanda wa kiti, nikauvuta. Siku zote nilikuwa nauvuta kiasi cha kujifunga. Siku ile niliuvuta mpaka mwisho wake, mpaka sehemu ambayo hakuna anayeiona. Pale ulikuwa na mstari wa matope makavu. Nikang'oa zulia. Chini yake, kwenye kona, kulikuwa na ganda la konokono wa ziwa, dogo kama punje ya haragi.

Nilielewa yote kwa mara moja. Ile miaka ziwa lilipopanda na kumeza nyumba za watu kule Uvira, gari lile lilikuwa limesimama ndani ya maji mpaka viti. Walilianika, wakalisafisha, likang'aa. Lakini maji yalibaki ndani ya viungo vya nyaya, yakila shaba polepole. Nami, mtoto wa ziwa, niliketi ndani yake nikaona nimefika nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko kunakonuka vile! Mungu alinifichia jambo mahali ambapo pua yangu mwenyewe haiwezi kufika, kisha akamteremsha mwanamke kutoka malishoni aje aninusie. Nilivua viatu, ndugu zangu. Nilisimama kwenye matope bila viatu.

Nililofanya kwanza halikuwa la ufundi. Nilimwomba shofa mmoja wa lori apeleke neno Misisi: "Mwambie mdogo wangu nilikosea. Si kwa gari. Nilikosea siku niliyouliza nani mkubwa."

Kisha kiangazi kikaingia, nikalifungua gari mpaka mifupa. Patroni alinipa ua wake na vyombo vyake. Viti na mazulia tuliyaanika ufukweni kando ya ndagala, watu wakawa wanauliza bei ya kilo. Kitinda mimba alikuwa amerudi likizo kutoka shuleni kwake Fizi, akachora njia za nyaya zote ukutani kwa mkaa, nami nikasafisha kiungo kimoja kimoja kwa mswaki na alkoli. Na yule mama wa maziwa alipita kila asubuhi. Nilimpa kipande, akakinusa.

"Bado."

Kesho yake: "Bado."

Kesho yake tena, aliinusa mikanda, akasema, "Hii imepona."

Siku tuliyorudisha kiti cha mwisho, kivuli kilisimama nyuma yangu. Mtu mwembamba, udongo wa Misisi kwenye kope. Hakunisalimu vizuri.

"Nilisikia umefungua gari mupaka mifupa."

"Ndiyo."

"Funguo iko wapi?"

Aliwasha. Taa ziliwaka zote, zikazima moja baada ya nyingine kama kitabu kinavyotaka, na injini ikaitika. Mimi nililia. Yeye alisema tu, "Tupande Fizi."

Tulifika kwenye kona ile, mahali penyewe bibi-harusi aliposhukia. Mdogo wangu akasimamisha gari, akazima.

"Mbona umezima?"

"Nataka nione kama itaamuka hapa hapa."

Akangoja. Akaniangalia. Kisha akazungusha ufunguo, nalo likaamka. Hapo ndipo alipotabasamu kwa mara ya kwanza, akasema, "Haya, Yaya."

Yule bibi-harusi tulimbeba bure siku aliyompeleka mtoto wake wa kwanza kanisani. Shangazi yake alikaa mbele, akishika ule ubao wa mlango.

Namshukuru patroni, ambaye hakunicheka kwa ubaya siku ya injini iliyoibwa. Nawashukuru wadogo zangu walionisomea. Namshukuru mama wa maziwa. Siku hizi mtu akitaka nimchagulie gari lililotumika, siendi bila yeye. Mimi natazama mafuta, navuta mikanda mpaka mwisho, nainua mazulia. Yeye anaingia, anafunga milango, anavuta pumzi. Akitikisa kichwa, tunarudi nyumbani. Nanyi nawaambia: mambo mnayoyazoea hamtayasikia harufu yake. Mtafuteni mtu asiyetoka kwenu, mkae naye karibu, na akisema, msiudhike kama mimi nilivyoudhika.

Gari lile lilibeba maharusi wengi, mpaka tukaweza kupata mtumbwi mwingine. Mdogo wangu amerudi ziwani. Asubuhi hii alikuja kwa ibada moja kwa moja toka majini, ameketi pale karibu na mlango, hapendi nimtazame. Yule mama alipompita aliziba pua, akaniambia, "Ndugu yako ananuka samaki mupaka hapa."

Mimi sikusikia kitu. Nilivuta pumzi, nikavuta tena, nikamshukuru Mungu.