Mvua Iliyoishia Njiani

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kushonea viatu na ua wa waya wa kituo cha hali ya hewa. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umelainishwa na makalio ya watu wasio na kazi na ya wale wenye kazi wanaoikimbia. Mimi ni fundi viatu, kwa hiyo nihesabu kwenye kundi la pili. Mama Birika anauza kahawa hapo pembeni, na siku hizi anamimina nusu kikombe kwa bei ileile, maana maji ya kuchemshia anayanunua kwa dumu. Huu ni mwaka wa tatu mvua inatupita. Ukifungua bomba la mtaa linatoa upepo, linakohoa, linanyamaza. Mchana ule hakuna aliyekuwa na hamu ya kubishana, ila tulibishana hivyohivyo, kwa sababu ukikaa pale kimya watu wanadhani unaumwa.

Tulikuwa watatu. Kinyozi alikuwa ameacha kiti chake kitupu ng'ambo ya barabara. Watu wanaoshinda kwenye foleni ya maji hawakumbuki nywele. Mwingine ni dereva wa lori mstaafu ambaye tunamwita Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kumzimia. Alikuwa anatueleza habari aliyoisikia mahali, na mimi nilikuwa naitikia "eh" huku nikitia gundi kwenye soli.

Ndipo Milimita akatoka getini. Yeye ndiye mpimaji wa kituo. Jina tulimpa sisi, maana hajawahi kusema mvua ilikuwa kubwa au ndogo. Ukimuuliza anakutajia milimita na kuondoka. Siku hiyo alikuja akakaa mwisho wa benchi bila hata salamu.

– Milimita, kwani tumekukosea nini? Kinyozi akamuuliza.

– Nisameheni. Wanataka kukifunga kituo.

Mama Birika akaacha kupepea jiko.

Alitueleza polepole, kama mtu aliyekwisha kujieleza mwenyewe usiku kucha. Kumbe kale kakopo kake ka kupimia mvua, kanakosimama katikati ya majani makavu uani, hakako peke yake. Nchi nyingi zimekubaliana kupima pamoja: mvua inayoanguka, mvuke unaopanda, joto la jua linaloingia ardhini na linalorudi juu. Wengine wanapima kwa meli, wengine kwa puto, wengine kwa setilaiti zinazopita juu yetu, na watu kama yeye wanapima kwa kikopo. Wote wanasoma vipimo kwa wakati mmoja, kisha kila kitu kinapelekwa mahali pamoja kujumlishwa, ili ijulikane maji ya dunia yako wapi na yanakwenda wapi. Alisema kuna mwenzake kwenye kisiwa fulani ambaye hajawahi kumwona, lakini anajua kwamba kila anapoinama yeye, na yule ameinama. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, na mimi nikamwonea huruma ghafla, kwa sababu sikujua kama ana rafiki mwingine zaidi yetu.

Sasa shida ilikuwa hii. Jumanne jioni setilaiti mbili za nchi mbili tofauti ziliona mvua hapa kwetu, mvua ya maana. Milimita aliandika sifuri. Na haikuwa mara ya kwanza. Huko wanakojumlisha wakaona mambo hayalingani, wakawauliza wakubwa wake, na wakubwa wake wakaona jibu jepesi: mpimaji halali nyumbani, au analala sana. Mkaguzi anakuja leo. Asiporidhika, kituo kinafutwa.

Hakuhitaji kutuambia kinachofuata. Nyumba anayoishi ni ya kituo, na humo yumo mama yake, ambaye macho yake hayaoni tena. Yule bibi anaijua nyumba ile kwa vidole: mlango, ndoo, kitanda, ukuta wenye ufa unaompeleka jikoni. Umpeleke nyumba nyingine sasa, utakuwa umempofusha mara ya pili.

– Pole, ndugu yangu, nikasema, na nilimaanisha.

Ila benchi halijui kutoa pole na kuishia hapo. Redio alikwisha kuchemka.

– Mimi hili nilijua. Mvua imeonekana juu, chini haipo. Imeibwa.

– Na nani? Kinyozi akauliza.

– Haohao wanaojumlisha. Wewe unajumlisha kitu cha nini kama hutaki kukigawa?

Kuanzia hapo akapaa. Kwa maelezo yake, kule wanakokutana si mkutano wa vipimo, ni mkutano wa mgao. Kila nchi inaleta hesabu yake na kupewa fungu lake la mawingu, na sisi tumekuwa tukituma sifuri miaka mitatu, kwa hiyo tunapewa sifuri. Kinyozi akamkatalia kwa nguvu, nikadhani amepata akili. Kumbe yeye alikuwa na lake. Alisema mgao upo, ila unakwenda kinyume: anayeandika kidogo ndiye anayestahili kuongezewa, basi lazima kuna mtu njiani anayeongeza mkia kwenye sifuri zetu na kuonyesha tumeshiba. Redio akasema setilaiti zenyewe ndizo zinazonyonya, ndiyo maana zinaonekana usiku zimeng'aa, zimejaa. Kinyozi akasema hapana, zinang'aa kwa sababu ya joto letu, joto la mabati ya mtaa huu, ambalo nalo wanalichukua wakapikie kwao. Mama Birika akasema basi wamrudishie lake, mkaa umepanda bei.

Nilicheka, na nilijisikia vibaya kucheka. Milimita alikuwa anatazama viganja vyake.

– Hakuna aliyeiba, akasema mwishowe. Mvua ilinyesha. Ilitoka winguni kweli, na setilaiti ziliiona kweli. Ila hewa ya huku chini imekauka na ina moto. Matone yanashuka, hewa inayanywa kabla hayajafika. Niliona kwa macho yangu, pazia la kijivu limening'inia pale juu ya paa la shule, halina miguu.

Tukatazamana. Miaka yote naishi chini ya anga hili, sikujua kama mvua inaweza kuishia njiani.

– Sasa si umwambie hivyo mkaguzi? nikamuuliza.

– Nitamwambia. Lakini niliona peke yangu. Neno la mpimaji mmoja dhidi ya mitambo miwili ya angani, wewe ungemwamini nani?

Redio akakohoa kidogo, akasogea karibu, akashusha sauti. Nilijua hapo kuna njama.

– Sikiliza, mdogo wangu. Hao wanataka mvua, tuwape mvua. Akija tutasema sote ilinyesha. Kikopo ndicho kibovu, kinavuja. Kikopo hakina mama wala nyumba, wakakitupe. Wewe unaletewa kipya, unakaa zako.

Nitakuwa mkweli, niliona ni wazo zuri. Kinyozi naye alitikisa kichwa kukubali, na hao wawili hawajawahi kukubaliana tangu niwajue.

– Hapana, Milimita akasema.

– Kwa nini hapana?

– Kwa sababu kama kilivuja Jumanne, kitakuwa kimevuja miaka yote mitatu. Watavifuta vipimo vyote. Huu ukame utakuwa haujatokea. Kwenye hesabu za dunia hapa patakuwa mahali penye mvua. Na nani ataleta maji mahali penye mvua?

Alinyanyuka, akasema anakwenda kumwandaa mama yake, asije akayaona mambo haya ghafla, kisha akakumbuka kwamba mama haoni, akatikisa kichwa na kuingia getini. Kikombe chake alikiacha hakijaguswa. Redio alikinywa.

– Huyo ana kiburi, akasema. Tutamsaidia hivyohivyo, apende asipende.

Nilipaswa kumzuia. Sikumzuia, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, na kwa kuwa nilimwona yule bibi akipapasa ukuta wa nyumba asiyoijua.

Mkaguzi alikuja kwa miguu. Tulimjua kwa kitambulisho kilichoning'inia shingoni na kwa vumbi lililompanda mpaka magotini. Gari lake, alisema, limemshinda kule kwenye mteremko. Alikuwa dada wa makamo, mwenye sura ya mtu aliyekwisha kukagua vituo vingi na kulala vibaya katika vyote.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba, mwanangu, karibu kiti, Redio akasema, akampisha.

Aliomba kahawa. Mama Birika akamimina, safari hii akajaza kikombe, na wote tukaona. Dada akanywa funda moja, akafumba macho kidogo, kisha akauliza bila kuzunguka:

– Jumanne jioni, hapa ilinyesha?

– Ilinyesha, mwanangu, Redio akadakia. Mvua si mchezo. Mimi nilikuwa hapahapa nilipokaa, nikalowa mpaka fulana.

– Barabara yote ilikuwa mto, Kinyozi akaongeza. Mteja wangu alivuka kavua viatu.

Macho ya dada yakanigeukia mimi. Ningeweza kuinamia soli yangu nikajitia kiziwi. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema kwamba viatu vya wateja vililowa vyote, nikavianika juani mpaka juzi.

– Basi ni kile kikopo, Redio akamalizia. Kinavuja, masikini. Kijana wa watu anaandika anachokiona, kosa si lake.

Dada hakuandika chochote. Alipuliza kahawa yake.

– Poleni na shida ya maji, akasema. Nimepita foleni ya madumu kule juu, inakatisha tamaa.

– Acha tu, dada, Kinyozi akasema. Tunateseka. Dumu moja nyumba nzima.

– Sasa hiyo mvua ya Jumanne mlikinga kwenye nini?

Aliuliza kwa upole, kama anayetaka kujua tu. Hakukuwa na mtego katika sauti yake, na hilo ndilo lililotumaliza.

Redio alifungua mdomo. Nilisubiri, maana sijawahi kumwona akifungua mdomo ule bila kitu kutoka. Kinyozi alitazama chini ya paa la duka lake, na mimi nikatazama la kwangu. Pipa la Mama Birika limejaa mkaa. Beseni la Kinyozi limejaa taulo. Ndoo yangu ina vipande vya soli na misumari. Mtaa unaonunua maji kwa dumu, mvua ikadondoka kweli, hakuna mtu angebaki amekaa kwenye benchi. Tungekinga kwa sufuria, kwa vikombe vya kahawa, kwa viatu vya wateja. Tulikaa pale watu wazima watatu, tumeshuhudia wizi wa mawingu na mgao wa dunia nzima, na hilo moja hakuna aliyeweza kulijibu. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Dada alimaliza kahawa yake, akalipa, akashukuru, akaingia getini.

Tuliwatazama kupitia waya. Milimita alisimama wima kama mwanafunzi. Dada alitoa chupa ya maji mkobani, akamimina kidogo kwenye kikopo, akachuchumaa, akasubiri, akapitisha kidole chini yake. Kidole kilikuwa kikavu. Kisha alifanya kitu ambacho sikukitarajia: aliyarudisha yale maji kwenye chupa yake, tone kwa tone, kwa uangalifu. Waliongea kwa muda, Milimita akionyesha juu ya paa la shule kwa mkono. Walipokuja karibu na ua tukawasikia.

– Kikopo ni kizima, dada alisema. Na setilaiti hazikukosea. Nitaandika kwamba mvua ilitoka juu haikufika chini. Kituo kinabaki. Wenzako pale nje wamekutolea ushahidi.

– Wao? Wamekwambia haikunyesha?

– Wameniambia ilinyesha sana. Ila hakuna aliyekinga.

Milimita alitutazama kupitia waya, mmoja baada ya mwingine. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Dada alimpa mkono.

– Sifuri yako ni ya kweli, akasema. Pole sana.

Akaondoka kwenda kulitazama gari lake. Milimita akaingia ndani kwa mama yake, akakaa humo kitambo, na sisi nje tukaanza kupumua. Redio alirudiwa na sauti. Alisema tazama, si tumemwokoa, na mpango ulikuwa wake. Mama Birika alikuwa anatikisa birika kusikia kilichobaki.

Milimita aliporudi tulimpisha katikati ya benchi. Nilitegemea kuona mtu mwenye furaha, na kweli alitabasamu, ila tabasamu lilikuwa la kulipa deni la adabu tu.

– Umemwambia bibi? nikamuuliza.

– Nimemwambia. Nimemwambia hatuhami, nyumba ni yetu, dunia nzima imekubali kipimo chetu. Amefurahi mpaka akanishika uso.

– Alhamdulillahi, Mama Birika akasema.

– Kisha akaniuliza, kwa hiyo mvua itafika lini?

Alitutazama, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue alikuwa anauliza kwa dhati, kana kwamba mmoja wetu angeweza kumpa jibu la kumpelekea. Kinyozi alitazama barabara. Redio aliinua macho juu ya paa la shule. Mama Birika aliinua birika, akaliinamisha juu ya kikombe cha Milimita, akasubiri, hata tone halikutoka, akaliweka chini.