Kibao Kilichofunika Mtungi

Zima redio, Gasper, ukae chini. Oliva, sogea karibu na kitanda nikuone. Mwanne jirani yangu abaki awe shahidi. Nisikilizeni wanangu, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kusema jambo mara mbili.

Mikorosho ya hapa Mnyambe, kutoka njiapanda hadi ukingo wa bonde, ni ya Oliva, kwa kuwa kwetu ardhi hufuata tumbo la mama, na wewe Gasper hilo unalijua, usije ukanuna msibani. Shamba la marehemu baba yenu kule Lulindi ni lako. Hayo ni mepesi.

Zito ni hili: nina wivu. Kikongwe nimeshapakwa mafuta ya wagonjwa, na nina wivu kama mke mwenza. Tangu Oliva arudi likizo kutoka Guatemala anakouguza watu milimani, kila jioni namsikia barazani akiongea kwenye simu na bibi aliyempangisha chumba huko, huyo Kandelaria, kwa Kikekchi. Anacheka hadi anakohoa. Miaka minane tu amekaa huko, na lugha ya watu imemkaa mdomoni kana kwamba alinyonya nayo. Ya kwangu mimi niliyembeba mgongoni hawezi hata kuombea maji.

Juzi nikamuuliza, ni watu gani hao? Akasema ni Wamaya, wana lugha kama thelathini za ukoo mmoja, kama Kimakonde chetu, Kiyao na Kimakua zilivyo lugha ndugu, na wasemaji wao ni mamilioni, Guatemala na Meksiko. Watoto wao nao walichapwa shuleni ili waseme Kihispania, na wakati wa vita askari waliwachomea vijiji, lakini hadi leo sokoni wanavutana bei kwa lugha zao, redioni wanatangaza, kanisani wanasali. Waliochomewa nyumba wamebaki na lugha. Mimi ambaye hakuna aliyenichomea hata banda la kuku, ya kwangu imekwenda wapi? Akasema, si wote, mama, wako Waitza wa ukoo huohuo, kwao wanaoijua vizuri ni wazee wa kuhesabika. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahia msiba wa vikongwe wenzangu wasionijua wala kunikosea.

Gasper, niletee kile kibao kinachofunika mtungi. Kiweke hapa kifuani. Mjomba wenu alikichonga kwa mpingo, na nilimwagiza mimi. Baba yenu alikuwa mwalimu, nikaona aibu watoto wa mwalimu kuongea kishamba, nikapiga marufuku: atakayesema Kimakonde ndani ya nyumba hii akivae shingoni mpaka amnase mwenzake akiongea hivyohivyo, amvishe yeye. Gasper ulijifunza upesi kunyamaza. Oliva ulikuwa huachi kuongea na bibi yako, mama yangu mzazi, ukakivaa karibu mwaka mzima, hata wakati wa kula, mpaka siku ulipomjibu bibi kwa Kiswahili, naye akanawa mikono akaondoka, ugali wake haujaisha. Nilikupigia makofi siku ile. Shule haikuniamuru, wala serikali, ni mimi. Majuto ni mjukuu, wanangu. Na wosia huu nausema kwa Kiswahili kwa sababu ningeusema kwa lugha yangu angeuelewa Mwanne peke yake.

Oliva, chaja uliyoitafuta siku nne iko chini ya godoro langu. Niliificha mimi, ili yule bibi asikupate. Leo Mwanne amekuazima yake, na Kandelaria kabla hajauliza habari zako akauliza zangu. Ukanifafanulia kwamba watu wale wakisalimiana huuliza kama moyo una raha. Mwambie nimeshukuru. Mwambie pia kwamba bado namwonea wivu.

Sasa mazishi. Desturi yetu binti ndiye anayenyunyiza unga na kuwaita waliotangulia, mmoja mmoja, kwa maneno yetu. Utaita wewe, Oliva, si Mwanne. Yeye atakufundisha kuanzia kesho, na ukikosea, kosea kwa sauti kubwa. Atakayekucheka asile ugali wa matanga yangu. Gasper, nawe ujifunze, kichwa chako si kigumu kiasi hicho. Kibao msikichome. Nivisheni mimi shingoni, niende nacho kwa mama, anione.

Nimewasamehe, nisameheni. Mungu awape... awape nyumba yenye kelele, watoto wawajibu kwa lugha zote.

Maji. Kidogo tu. Basi.

Oliva, njoo sikioni. Niulize moyo wangu ukoje. Si kwa Kiswahili... Mwanne, mpe neno la kwanza tu, mengine atafute mwenyewe. Nangoja.

Ehe. Hivyo hivyo. Umekosea... Rudia, mwanangu.