Dada Yetu Kulikoni na Picha Zilizopinda

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi, mdogo wake, heshima ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi hapa mlimwita Kulikoni, kwa sababu kwake hilo swali lilikuwa ndiyo salamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa pili wa fundi saa na mkunga, akasoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1985 akapata shahada ya fizikia, baada ya kumchosha kila mwalimu aliyemfundisha.

Januari 1987 aliajiriwa katika maabara ya fuwele, vile vijiwe vyenye nyuso zilizonyooka kama chembe za chumvi, kazi yake ikiwa kuzipiga fuwele kwa miale ya eksirei, na kusoma madoa ambayo miale hiyo, ikishatawanywa na uso wa fuwele, huyaacha kwenye picha. Tarehe 14 Mei 1988 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili, waliozoea kuhojiwa hata kabla ya chai.

Mwaka 1996 aliona madoa ya fuwele moja yamepinda, akatangaza kwamba uso wa fuwele ile ndio uliopinda, maabara ikashangilia, na ukuu wa idara ukawa unamsubiri yeye tu. Lakini dada hakutulia, akapiga picha fuwele nyingine, ambayo kila mtu alijua imenyooka, nayo ikatoka imepinda vilevile, ndipo akang'amua kwamba miale hutawanyika mviringo kama mwavuli, ilhali bamba linaloipokea ni bapa, na la kwao lilikuwa limeinama kidogo bila mtu kujua, hivyo madoa ya pembeni yakavutika. Alisimama mbele ya wenzake akaufuta ugunduzi wake mwenyewe, cheo kikaota mbawa, shemeji akanuna wiki nzima, naye akakaa kutengeneza hesabu ya kurudisha kila doa mahali pake, ambayo maabara inaitumia hadi leo.

Machi 2023 kifua kilimbana, picha ya hospitali ikaonyesha uvimbe, nasi tukaomba kimoyomoyo iwe mashine ndiyo imekosea. Yeye alimwomba daktari, kwa adabu, airudie, safari hii akijiweka wima zaidi, ikatoka ileile, akaitazama kwa hamu kana kwamba ni ya mtu mwingine, kisha akatuambia picha hii ni sahihi, tujiandae. Alifariki tarehe 2 Novemba 2023, nyumbani, mikononi mwa mabinti zake.

Tunamshukuru daktari yule aliyekubali kuulizwa, wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wenzake wa maabara mliofunga milango yenu ili mje hapa. Dada, ulituambia tujiandae, tukajaribu, tumeshindwa. Upumzike kwa amani.