Fundi Aliyefunga Mpira Rangi Haijakauka

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliyejilaza na aendelee kujilaza, mimi sikio lake linanitosha. Jioni hii tunamkumbuka fundi rangi wa magari aliyetutoka wiki iliyopita. Mtaani alijulikana kwa jina la Msasa. Kifua ndicho kilichomwondoa. Vumbi la puti, ule udongo wa kusawazishia bodi, na moshi wa rangi vilikaa humo mwaka baada ya mwaka, hadi pumzi ikakosa nafasi.

Jina la Msasa alipewa na watoto wa kaka yake. Viganja vyake vilikwaruza, nao hawakutaka awashike mashavu. "Baba mdogo, tusalimie kwa mdomo tu," walimwambia. Hakuwa na mke wala mtoto. Familia yake ilikuwa hiyo ya kaka yake.

Nimezungumza na shemeji yake, yaani mjane wa kaka yake. Mama huyu amechoka. Alimzika mume, sasa amemzika shemeji. Aliongea taratibu, kwa vituo virefu, na mimi sikumharakisha.

Habari yenyewe ni ya gari. Kaka yake Msasa alikuwa dereva wa lori. Enzi za ujana wake alinunua gari la milango miwili, boneti refu, injini kubwa kupita kiasi. Likiwashwa, vikombe vya jirani vilicheza kabatini. Baadaye maisha yakabana, gari likasimama nyuma ya nyumba chini ya turubai. Mipira ya milango na vioo ikakauka, ikapasuka. Maji ya mvua yakaingia, kutu ikala sakafu na kingo za milango.

Kisha kaka akaugua figo. Hospitali ikamrudisha nyumbani. Akaomba jambo moja: ampakie mkewe kwenye gari lile, mara moja tu, yeye mwenyewe akishika usukani.

Msasa akalichukua gari. Mchana alifanya kazi za watu, jioni gari la kaka. Alikata kutu, akachomelea bati jipya, akapaka puti, akasugua, akapaka tena, akasugua tena. Ile mikanda myembamba ya chuma inayopamba ubavuni aliinyoosha kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mbao, akaing'arisha hadi akaona pua yake humo. Akapuliza rangi, kijani iliyokoza.

Ikabaki mipira. Na hapa Msasa alikuwa na sheria yake: mpira mwisho, na rangi ikauke kwanza hadi ndani. Ukifunga mpira juu ya rangi changa, vinashikana. Siku ukifungua mlango, mpira unaondoka na rangi. Wateja wenye haraka aliwatimua. Mmoja aliambiwa akanunue baiskeli, maana ile haina milango.

Lakini kaka alikuwa anaisha. Kutoka bila mipira haikuwezekana, mvua zilikuwa zimeshika na mgonjwa hakupaswa kulowa. Shemeji akaenda gereji.

"Shemeji," alimwambia, "rangi yako ina muda. Kaka yako hana."

Msasa akafuta mikono. Akafunga mipira siku ileile, akijua anachokifanya.

Kaka akaendesha, mkewe pembeni yake. Mvua iliwanyeshea njia nzima, na hata tone halikuingia. Mama anasema mumewe hakuongea mengi. Alimwambia tu, "Unaisikia injini? Nilidhani imenisahau."

Waliporudi, milango ikagoma. Mpira ulikuwa umeshika. Msasa akasimama nje, mkono kwenye kitasa, mvua ikimpiga. Akivuta, kazi ya miezi inachanika. Kaka akashusha kioo kidogo.

"Tuache kwanza humu," akasema. "Wewe nenda, unalowa."

Msasa akawangoja kibarazani hadi wakatosheka. Kisha akavuta. Rangi ikatoka na mpira milango yote miwili, ikabaki michirizi mirefu ya chuma kitupu. Hata uso hakuukunja. Alimshika kaka yake kwapani, akamwingiza ndani.

Kaka hakukaa sana baada ya hapo. Ndipo ubishi ukaanza. Msasa alitaka kuirudia milango. Wateja walishamuuliza kama hiyo michubuko ndiyo fasheni mpya. Shemeji akakataza gari lisiguswe. Wakavutana miaka. Mwishowe Msasa alirudia mlango wa dereva tu, safari hii akiingoja rangi ikauke sawasawa. Wa abiria akauacha na mchubuko wake.

Nilimuuliza mama walipatanaje.

"Alisema mlango wa kaka ni deni lake, wangu niamue mwenyewe," akanijibu. "Alikuwa anaumia kwamba kaka yake aliendesha gari ambalo halijaisha. Nikamwambia, shemeji, ungengoja likamilike, angeendesha nani?"

Nikamuuliza, Msasa akafanya nini?

"Alikaa kwenye kile kiti cha abiria mpaka nikamwita aje ale."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole mama huyu, watoto wake, na mafundi wa gereji ile. Na wewe unayenisikiliza, huenda kuna kazi unaishikilia mpaka iwe safi kabisa, na kuna mtu anaisubiri. Sikuambii uharakishe. Fundi mzuri hana haraka, na Msasa alikuwa fundi mzuri. Ila usiitazame kazi peke yake. Mtazame na huyo mtu, usoni, halafu uamue.