Madonge ya Uzi ya Tabitha Ndeshi

Wasifu wa marehemu, umesomwa kaburini na shemeji yake, Mwalimu Gidion, Jumamosi, tarehe 17 Julai 1915

Ndugu zangu, sogeeni karibu kidogo. Sauti yangu leo si ile ya darasani.

Tabitha Ndeshi alizaliwa Akeri, kwenye miteremko ya Mlima Meru. Tarehe haikuandikwa. Mama yake alikuwa akisema kwamba binti alishaanza kuchunga ndama wakati tauni ya mwaka 1891 ilipomaliza ng'ombe, kwa hiyo tumeandika mwaka 1884.

Mwaka 1901 aliolewa na kaka yangu Yoeli. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Machi 1903, akafariki Julai mwaka huohuo, siku za ukungu, amefunikwa ngozi ya mbuzi iliyolowa. Marehemu hakupenda kulizungumza jambo hilo, nami ninalitaja kwa ruhusa ya kaka yangu.

Mwaka uliofuata alianza masomo misheni, mtu mzima, akakaa benchi moja na watoto. Kusoma alijifunza polepole. Hesabu alizikataa. Lakini siku bibi wa misheni alipowaonyesha wanawake sindano za kufumia na uzi wa sufu, Ndeshi aliuliza swali moja tu: "Hii ikilowa, bado inatia joto?" Akaambiwa ndiyo. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona mikono yake ikiwa mitupu. Alibatizwa siku ya Pasaka, tarehe 31 Machi 1907, na ndoa yao ikabarikiwa siku hiyohiyo.

Kazi zake zilikuwa za kila mama wa hapa: migomba, mbuzi, na baadaye kahawa. Kila siku ya soko alishuka Arusha na ndizi kichwani, akarudi na soksi zilizotoboka za askari wa boma. Alizifumua, akazifua mtoni, akazungusha madonge. Kwenye seng'enge za walowezi aliokota manyoya ya kondoo yaliyonasa, kidogo kidogo, akayasokotea pajani. Uzi ukajaa vikapuni, ukajaa darini, mbuzi wakapunguziwa nafasi. Siku moja Yoeli alirudi shambani na kiu, akainua kibuyu cha pombe ya ndizi, kikatoka uzi mwekundu. Akaita, "Mke wangu, pombe imeota nywele!" Marehemu akamjibu kwamba pombe ipo kwenye chungu, na kibuyu akirudishe kilipokuwa.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Mwaka 1912 nilimwendea na kibao cha kuandikia, nikamwambia, "Shemeji, uzi huu ni mwingi mno. Nikuhesabie, tujue wa kubaki na wa kugawa." Akakalia kikapu. "Usihesabu, Mwalimu. Hao ni watoto." Ndipo nilipojua kwamba kila mtoto aliyezaliwa upande huu wa mlima aliwekewa donge lake, likisubiri afumiwe fulana kabla ya baridi. Na watoto, kama wazee wetu walivyotufundisha, hawahesabiwi, wasije wakapungua. Nilicheka. Jumapili iliyofuata, yeye akiwa kanisani, niliingia nikahesabu. Nilifika mia na arobaini na tatu.

Aligundua, kwa sababu sikuyarudisha alivyoyapanga. Hakunigombeza. Aliyafumua madonge yote. Yote, ndugu zangu! Kwa wiki tatu aliyazungusha upya, makubwa kwa madogo, mpaka hesabu yangu ikawa haina maana tena. Nilisimama mlangoni pake nikiwa na kibao changu, nikaogopa. Sikuwahi kuona mapenzi yenye subira ya namna ile, na sidhani nitayaona tena.

Agosti 1914 vita vilikuja, meli zikakoma, uzi ukapotea madukani. Akaanza kufuma yale madonge, nyumba hii, kisha ile, na vikapu vikaanza kubaki vitupu.

Mwezi Juni mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu. Ukungu ulikuwa umeshuka, naye hakuweza tena kutembea. Akaniita. "Shemeji, nenda kila nyumba. Usihesabu. Uliza tu, wa kwako anayo fulana?" Nilikwenda siku nne migombani, bila kibao. Kila mama alijibu anayo, mpaka nilipofika kwa Nashipae, aliyekuwa amejifungua binti juzi yake. Huyo hakuwa nayo, na vikapu vilikuwa vimekwisha.

Nilirudi nikamwambia. Ningeweza kunyamaza, na jambo hilo litanikaa moyoni maisha yangu yote. Aliitoa shali yake mwenyewe mabegani, akaanza kuifumua pindoni. Yoeli alimsihi, akamfunika blanketi lake. Yeye akasema, "Mtoto hawezi kungoja jua, baba Tabea." Alifuma akiwa amelala, akakohoa, akafuma. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 15 Julai, alifariki, mkono mmoja wa fulana ukiwa bado. Bintiye Tabea ameumaliza asubuhi hii, kabla hatujaanza ibada.

Marehemu ameacha mume wake Yoeli, binti yake Tabea, mwanawe Sifael, mama yake mzazi, na mimi shemeji yake. Ameacha na wengine. Tazameni pale, ng'ambo ya kaburi, kwenye ukungu: wakubwa kwa wadogo, wenye nyekundu ya kwenye kibuyu, wenye kijivu cha soksi za boma, na yule wa mgongoni kwa Nashipae, aliyevaa fulana ya ile shali.

Ni kazi yangu kufundisha hesabu. Leo siwahesabu.

Tabitha Ndeshi, mikono yako ipumzike sasa kwa amani.