Kitanda Kilichogoma Kuzunguka

Kijiwe chetu hapa Dumyat kiko mlangoni pa karakana ya Fikri, mchoraji wa samani, kwa hiyo tunamwona yeye, kompyuta yake na jasho lake bila kukata tiketi. Juzi saa sita mchana bi harusi, Rawya, alikuwa aje kutazama kitanda chake kikizunguka kwenye skrini. Kisipozunguka, kazi anampa mchoraji jirani. Na kitanda kilikuwa kimeganda tangu asubuhi, miguu juu. Fikri alitaka kompyuta mpya saa ileile, na washauri tulikuwepo, kahawa mkononi.

— Nunua yenye prosesa ya viini sitini na vinne, alisema Galal, ambaye kwa upana wake tunamwita Kabati.

— Kuzungusha mchoro kinahangaika kiini kimoja tu, Kabati, akasema Fikri. Mimi nataka kimoja chenye mbio.

— Na hao sitini na tatu wanakaa kunywa chai?

— Kama wewe hapo.

Akadakia Shawki, msoma mita mstaafu, Waziri wetu wa Umeme:

— Dawa ni kadi ya kuchakata picha. Kubwa! Yenye feni tatu.

— Tatu tu? Mpwa wangu anayo yenye nne, akasema Kabati. Ikiwaka, paka anahama nyumba.

— Basi tutoboe ukuta, tuvute maji ya Nile yaipoze.

— Na samaki?

— Tutaweka chujio, bwana, mimi si mjinga!

— Afadhali kompyuta mbili, nikatia langu. Moja ichore, nyingine iipigie makofi.

Fikri hakucheka.

— Jamani, zimebaki dakika tano. Kazi inanitoka, nyie mnafuga samaki?

Hapo Rawya akakunja kona. Akainamia skrini.

— Mhandisi, haya maua chini ya kitanda ni ya nini?

— Waridi mia nne, bibie. Kila jani nimelichora na mishipa yake.

— Nani atayaona?

Waziri akamtazama Kabati. Kabati akatazama kikombe. Mimi nikapiga chafya ya uongo.

Fikri akayafuta yote, na roho ilimuuma, niliona. Kompyuta ikatua mzigo; kitanda kikageuka, kikazunguka laini, mara tatu. Rawya akapiga kigelegele kikafika kwa jirani.

— Nachukua hikihiki!

— Lakini ile kadi ya feni tatu... Waziri akaanza.

Hakuna aliyemsikia. Tulikuwa tunapiga makofi, ile kazi ya kompyuta ya pili.